Ukingo wa Bandama

Kazi yangu ni kuchora mistari.
Saa mbili asubuhi nateremka ngazi hadi chumba cha chini,
feni moja, kompyuta mbili, chupa ya chai,
na mwili wa mtu nisiyemjua
umekatwa kwa miale vipande mia tatu na kumi,
vyembamba kuliko slesi za mkate.
Katika kila kipande naitafuta bandama.
Nikiiona naufuata ukingo wake kwa kipanya,
polepole, kama anayekata kitenge cha mwenzie.

Mashine ilikuja na elimu yake.
Ilikuwa imekwisha kusoma maelfu ya bandama za ughaibuni,
za watu ambao hawajawahi kuchota maji ziwani
wamesimama magotini, konokono miguuni.
Kwa hiyo umbo ililijua: ngumi ndogo,
imejibanza nyuma ya mbavu, haimsumbui mtu.
Nilipoipa mgonjwa wa kwanza wa kwetu
ikachora ngumi,
ikakomea hapo.
Ile nyama yote iliyoshuka mpaka kitovuni
ikaihesabu kuwa kosa la picha.

Dakta Bujiku akasema: ina wastani wake,
ukitoka nje ya wastani inakurudisha kwa nguvu,
kama mgambo na wamachinga wa Makoroboi.
Tuifundishe.
Nikachora.

Jioni moja nilimpitia mama Mwaloni, Kirumba.
Sangara wa kilo thelathini mezani, macho kwa mteja,
anapatana bei ya kichwa,
huku vidole vimeshazama tumboni
vinalifuata bondo gizani,
utando kwa utando, lisitoboke,
maana bondo likitoboka bei imekufa.
Nikamwuliza: uliharibu mangapi kabla hujajua?
Akacheka. "Tajiri wangu wa kwanza ndiye aliyehesabu.
Mimi nimesahau. Mkono haujasahau."

Basi nikarudi kuharibu.
Nilichora, ikakosea, nikafuta, ikakosea padogo zaidi.
Ndani yake, wanasema, kuna tabaka juu ya tabaka,
namba zinazosogezwa kidogo kila inapokosea.
Hakuna mahali utakapofungua ukute bandama,
kama vile mkono wa mama ukiupasua
hutakuta samaki.

Bandama ya mia nne na sita ilikuwa ya Magesa,
miaka kumi na minne, kutoka Irugwa.
Jina kwenye faili limefichwa, ni namba tu,
lakini mimi ndiye niliyemshika bega
alipoliogopa lile tundu la skana.
Mashine ilianza mbavuni, ikateremka,
ikateremka tena, ikazunguka jirani na kitovu,
ikarudi juu kwa ukingo uleule ambao ningeuchora mimi.
Sikurekebisha hata nukta.
Nilipiga kelele, Dakta akaja mbio,
tukapeana mikono kama watu waliofunga goli.

Kisha nikaona mlango uko wazi.
Amesimama na shati lake la shule, tumbo limetangulia,
amekuja kuuliza kama sasa anaweza kunywa uji.
Akaitazama skrini, akatutazama tunavyocheka.
"Hicho ni kisiwa gani?"

Dakta Bujiku akashikwa na kikohozi.
Mimi nilitafuta neno, sikupata,
nikamsogezea kiti,
nikampa kipanya.
Akaufuata ukingo kwa ncha ya mshale, ulimi nje,
mzunguko mzima,
akasema upande huu, hapa penye kona,
pangefaa kuegesha mtumbwi.